Kasa saba wafu kwenye jarife: jibu kwa nahodha wa Malindi

Swali: Mimi ni nahodha wa mashua ya injini hapa Malindi, majarife, nyavu zetu za kutega, ni ya tajiri. Tunatega jua likizama, kati ya Malindi na Ras Ngomeni, tunarudi kuvuta alfajiri. Kaskazi iliyopita niliwanasa kasa kumi na mmoja, saba nikawakuta wameshakufa. Kila mmoja huniachia tundu la kupita mtu, na fundi wa nyavu hashoni bure. Nimesikia kuna taa za kumwepusha kasa. Shemeji yangu aliye kwenye meli ya kuvua kamba wa kuliwa anasema wao wana mlango wa kasa. Je, mimi nifunge nini kwenye wavu wangu? Nikifunga, samaki hawatapungua? Halafu vijana wa ufukweni wanakesha kulinda mayai. Kwani hiyo haitoshi?

Jibu: Nahodha, salaam. Umeuliza ufunge nini, lakini mimi naona dawa ya kwanza iko kwenye saa. Umenasa kumi na mmoja, saba wafu. Wavu unaozama jua likitua na kuvutwa saa kumi na moja alfajiri umekaa majini zaidi ya saa kumi, na hakuna kasa aliyenaswa mwenye pumzi ya saa kumi. Aliyeingia saa tatu usiku amekwisha hata hujamaliza kahawa ya pwani. Wale wanne uliowakuta hai, nadhani, ni walioingia karibu na alfajiri. Hawakuwa na nguvu kuliko wenzao, walichelewa tu.

Kasa anavuta hewa kwa mapafu kama mimi na wewe. Akijilaza chini ya mwamba, ametulia, anaweza kukaa saa kadhaa bila kupanda juu, maana moyo wake hupiga polepole na mwili hautumii hewa nyingi. Ndiyo sababu wavuvi wengi huamini kwamba kasa hafi maji. Akinaswa ni habari nyingine. Anapiga vikono, anazunguka, anajifunga zaidi. Hewa iliyokuwa ya saa nzima inaisha kwa dakika, tindikali inajaa kwenye damu, na mwishowe anazimia. Wataalamu wa Marekani walichambua kumbukumbu za meli za kamba katika miaka ya 1980 wakaona kwamba wavu ukikokotwa kwa chini ya saa moja kasa wanaokufa ni wachache, na ukipita hapo vifo vinapanda kwa kasi. Jarife lako halikokotwi, lakini mapafu ni yale yale.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba halina bei dukani: usiuache wavu peke yake. Wanaotega jarife la kuelea hufunga mashua kwenye ncha ya wavu na kwenda nao na mkondo. Kama wewe hutega na kurudi pwani kulala, hapo ndipo kasa wanapofia. Kaa nao. Upitie kila saa moja au moja na nusu, mtu mmoja omoni, mbele ya mashua, na tochi, ukitazama chelezo, yale maboya ya wavu. Panapozama chelezo mbili tatu pamoja pana kitu kizito, na kama ni kasa atakuwa anajaribu kupanda juu, utamsikia anavyovuta pumzi kabla hujamwona. Wengine hunijibu kwamba petroli itawaisha. Mashua iliyofungwa kwenye wavu haichomi petroli. Kinachochomeka ni usingizi.

Isitoshe, utapata faida ambayo haimhusu kasa hata kidogo. Nguru aliyekufa saa tatu usiku, akalala katika maji ya kaskazi yenye joto la nyuzi 28 au zaidi hadi asubuhi, mnunuzi atamgusa tumbo kwa kidole na bei itashuka papo hapo. Huyo ukimtoa ndani ya saa moja ukamtia barafu, ni samaki mwingine kabisa. Tena papa hawatapata usiku mzima wa kukukatia nguru nusu nusu. Mweleze tajiri hivyo. Habari ya kasa huenda asiisikilize, lakini bei ataisikiliza.

Jambo la pili ni mahali. Kasa tunaowaona zaidi huku ni wa kijani, wanaokula majani ya bahari, na ng'amba, anayechokoa sifongo kwenye matumbawe. Duvi, kigome na noa wanapita pia, lakini ni wachache. Kasa wa kijani huingia kwenye malisho maji yakijaa na kutoka yakitoka, na usiku huenda kulala kwenye miamba. Wavu uliokaa ukingoni mwa majani, au kati ya majani na mwamba, umetegwa kwenye njia yake ya kila siku. Wewe mwenyewe unayajua majani hayo yalipo kuliko ramani yoyote. Kila ukinasa kasa, weka alama kwenye simu. Ukipata alama mbili tatu zilizokaribiana, sogeza wavu maji ya kina zaidi kabla hujafikiria kununua chochote. Tena kuanzia masika hadi katikati ya kusi, majike wengi huja karibu na fukwe za kutaga na hurudi mara kadhaa katika msimu huo huo. Wavu uliosimamishwa mbele ya ufuko huo kipindi hicho unamngoja kasa mlangoni.

Sasa taa. Nasema taa ya kumulika, si taa wa kuliwa, yule samaki bapa, ingawa utaona mwishowe hawa wawili wanakutana. Ni vitaa vidogo vya kijani vya betri, vinavyofungwa kwenye kamba ya chelezo kila baada ya mita 10, ili wavu uonekane gizani. Katika ghuba ya Sechura, Peru, walitega nyavu kwa jozi, mmoja una taa na mwenzake hauna, mara 114. Kasa wa kijani walionaswa walipungua kwa asilimia 64 hivi, na samaki waliokuwa wakiwalenga hawakupungua. Walikadiria kwamba kumwokoa kasa mmoja kunagharimu takriban dola 34 za Marekani. Wavu wa mita 500 unataka taa kama 50. Piga hesabu ya betri, ya chumvi inayokula kila kitu, na ya vijana watakaozifungua wakazitundike majumbani.

Lakini kuna jingine ambalo wauza taa hawalisemi. Huko Baja California, Mexico, jaribio lililochapishwa mwaka 2022 lilionyesha kwamba wavu wenye taa ulipunguza kasa kwa asilimia 51, na papa na taa kwa asilimia 95. Wenzetu wa Mexico walishangilia, kwa sababu kwao papa na taa walikuwa takataka za wavu. Kwako Malindi, papa mkavu ni chakula, na taa ana wateja wake. Peru, samaki waliolengwa walikuwa pamoja na jamii ya taa, na hawakupungua. Kwa hiyo majibu hayalingani, na mtu akikuhakikishia kwamba hutapoteza samaki hata mmoja, mwulize alipima bahari gani. Kama unalenga nguru, taa zinakufaa kujaribiwa. Kama mkate wako ni papa, mimi nisingetoa pesa mfukoni mwangu kabla ya kujaribu kwa wavu mmoja.

Ipo njia rahisi zaidi kwa nyavu za chini, zile zenye chubwi nzito zinazosimama juu ya mchanga. Ni kuziondolea chelezo nyingi. Wavu wenye chelezo chache hausimami wima kama ukuta. Unalegea na kulala chini, na kasa anayeogelea juu kidogo hupita. Huko huko Baja California walijaribu nyavu za namna hiyo, kasa wakapungua kwa asilimia 68 na samaki wa chini wakabaki vile vile. Kwa wavu wa nguru haifai, maana nguru hatembei chini. Lakini kama tajiri ana jarife la chini pia, jaribu. Gharama yake ni kisu na mchana mmoja kivulini.

Kuhusu mlango wa kasa wa shemeji yako: ni kitu kizuri sana, ila hauna pa kukaa kwenye jarife. Wavu wa meli ya kamba ni mfuko wenye koo. Kila kilichoingia kinasukumwa nyuma. Kooni hapo hufungwa kichanja cha vyuma kilicholala kwa mshazari, nafasi kati ya chuma na chuma isizidi kama sentimita 10. Kamba wanapita katikati kwenda mkiani mwa mfuko, kasa anagonga vyuma, anateleza hadi kwenye tundu lenye kifuniko cha wavu, anatoka. Mwenzetu mmoja wa Georgia, Marekani, mvuvi wa kamba aliyeitwa Sinkey Boone, alianza kutengeneza kitu cha aina hiyo kwa sababu amechoka kuvua konyeza, wale viumbe laini kama jeli, badala ya kamba; habari ya kasa ilikuja baadaye. Mlango huo ukifungwa sawasawa, kasa 97 kati ya 100 wanatoka. Tangu mwaka 1989 sheria ya Marekani inazuia kamba kutoka nchi ambazo meli zake haziwalindi kasa namna hiyo, na soko hilo ndilo lililoupeleka mlango huo katika bahari nyingi.

Neno zito hapo ni sawasawa. Kichanja kikisimama wima mno, kasa anabanwa kwenye vyuma na maji yanamzuia asiteleze. Kikilala mno, kamba wanatoka na nahodha anakasirika. Kilale kati ya nyuzi 30 na 55. Tena ghuba yetu, kuanzia Malindi kwenda Kipini, inapokea Sabaki na Tana, na mito hiyo mvua ikinyesha huleta magogo na taka za bara. Gogo moja likikwama kwenye vyuma, mlango hauna maana tena mpaka mtu aliondoe. Na kuna mabaharia wanaoushona mlango kwa uzi wakifika mbali, kwa hofu ya kupoteza kamba. Mwulize shemeji, kwa upole, kama wao hufanya hivyo. Trola, yaani meli hizo za kukokota wavu, zilisimamishwa katika ghuba hii mwaka 2006 baada ya ugomvi mrefu na wavuvi wadogo waliokuwa wakikatiwa nyavu, zikarudi mwaka 2011 kwa masharti: zikae nje ya maili 3 za baharini, ziwe na mlango wa kasa, zisivue usiku, zipumzike msimu wa kufunga. Ukiona trola ndani ya mpaka huo, nenda na saa na mahali kwa BMU yako, kikundi cha usimamizi wa ufuko. Malalamiko yasiyo na saa hayamfikishi mtu popote.

Mshipi mrefu wa ndoana nyingi sikuusikia katika swali lako, nitaugusa tu. Ndoana ya duara badala ya ile ya umbo la J, na chambo cha samaki badala ya ngisi, vilipunguza duvi kwa asilimia 90 na noa kwa 65 katika majaribio ya Atlantiki ya kaskazini magharibi. Chambo cha samaki humegwa vipande vipande ndoana ikiachwa. Ngisi ni mpira, kasa humbugia mzima mzima na ndoana ndani.

Sasa yale ya mashuani, na hapa nina deni. Nilipokuwa kijana nikijifunza kazi hii, tulimvuta kasa wa kijani amelegea, macho wazi, shingo inaning'inia. Nikasema huyu maiti, nikamsukuma baharini kwa mguu. Akazama kama jiwe. Miaka kadhaa baadaye ndipo nilipofundishwa kwamba kasa aliyezimia anafanana kabisa na aliyekufa, na ukimrudisha majini katika hali hiyo unamzamisha wewe kwa mkono wako. Bado naliona lile gamba likishuka.

Basi fanya hivi. Mpandishe kwa kumshika gamba, mbele nyuma ya shingo na nyuma juu ya mkia, si kwa vikono na si kwa kumburuza kwa wavu. Akiwa mkubwa, wa kilo mia na zaidi, usimpandishe. Mfungue ubavuni mwa mashua, ukikata matundu mawili matatu yanayombana badala ya kukata upande mzima. Hapo ndipo utakapookoa wavu: mashimo mengi ya kasa huwa ni ya kisu cha baharia mwenye haraka. Kama amelegea, mguse taratibu pembeni mwa jicho au mkiani. Akishtuka yu hai. Asiposhtuka, bado usimtupe. Mlaze kifudifudi, tumbo chini, sehemu ya nyuma uiinue sentimita 15 hivi kwa kamba iliyokunjwa au ubao, ili maji ya mapafuni yatoke. Usimlaze chali, uzito wake utakandamiza mapafu. Mwinue ubavu mmoja kidogo, mshushe, kisha ubavu wa pili, mara kwa mara. Mfunike gamba kwa kitambaa kilichoroweka, pua iwe wazi, awe kivulini. Usimmwagie maji mdomoni kama aliyezirai juani, na usimweke kwenye beseni la maji. Huenda ukahitaji saa nne. Wengine huamka baada ya saa nyingi zaidi, hadi siku nzima. Akichangamka, injini iwe imezimwa au gia imetoka, wavu uwe ndani, mteremshe kichwa mbele kwa utaratibu, mbali na pale ulipomnasa. Ukiona kipande cha chuma chenye namba kwenye kikono, nakili namba, usikitoe.

Kwa aliyejeruhiwa, au aliyemeza ndoana, au anayeelea bila kuweza kuzama, piga simu kwa Local Ocean Conservation walioko Watamu. Kwa zaidi ya miaka 20 wamekuwa wakipokea simu za wavuvi wa upande wetu. Huja, humpima, humvisha alama, wanamwachilia kwenye hifadhi au kumtibu, na mvuvi hupewa kiasi kidogo cha kufidia muda na wavu. Hiyo si bei ya kasa, na usiingie tamaa ya kumvua kwa makusudi. Wanaijua mbinu hiyo kabla yako.

Waliokufa kabisa ni shida yako ya sheria, kwa hiyo nisikufiche. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamlinda kasa, nyama yake, mafuta, gamba na mayai. Kumpata mfu kwenye wavu na kutoa taarifa kwa KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, au BMU ni jambo moja; kukutwa na nyama yake kwenye ndoo ni jambo jingine kabisa. Tena nyama yenyewe inaweza kuua. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watu tisa walikufa baada ya kula kasa, wanane wao watoto, na wengine 78 walilazwa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, na kasa mwenye sumu haonekani tofauti na mwingine. Mafuta ya kasa ya kutibu pumu tuwaachie marehemu babu zetu.

Na vijana wa mayai? Wanafanya kazi njema, wala usiwavunje moyo. Lakini haitoshi, na sababu ni hesabu. Jike hutaga mayai mia na ushee kwa shimo moja, mashimo kadhaa kwa msimu, kisha hurudi baada ya miaka miwili, mitatu au minne. Ila wa kijani huchukua kama miaka 25 hadi 35, pengine zaidi, kabla ya kutaga yai la kwanza, na katika vifaranga elfu moja huenda akafika mmoja. Mwaka 1987 wataalamu wa Marekani walipiga hesabu ya duvi wakaona kwamba hata mayai yote yakiokolewa ufukweni, idadi isingeacha kushuka mpaka vifo vya kasa wakubwa na wanaobalehe vipunguzwe baharini. Jike uliyemkuta mfu alfajiri alikuwa ameshavuka yote: kaa wa mchangani, kunguru, papa, miaka thelathini. Kikosi cha ufukweni kinalinda mwanzo wa safari, na wewe umeshika mwisho wake. Kasa wa kijani kwa jumla duniani ameanza kupata nafuu, na mwaka 2025 aliondolewa katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Nafuu hiyo ilitokana na kazi ya fukweni na baharini pamoja. Ng'amba bado yuko ukingoni kabisa.

Kwa hiyo msimu ujao usinunue kitu kwanza. Kwa miezi miwili kaa na wavu na uhamishe zile sehemu zenye alama. Ukibaki na kasa wengi, ndipo mwombe tajiri taa za wavu mmoja tu, utege pamoja na usio na taa, usiku mmoja, maji yale yale. Andika kila usiku: saa ya kutega, saa ya kuvuta, mahali, mwezi ulikuwaje, nguru kilo ngapi, papa na taa wangapi, kasa wangapi na katika hali gani, kwa kila wavu mbali mbali. Usiwachanganye katika mstari mmoja. Daftari likae ndani ya mfuko wa nailoni kwenye sanduku la injini, na mwandishi awe yule baharia ambaye mwandiko wake unasomeka, hata kama ndiye mdogo kuliko wote.